Habari za Ngege na Sangara katika Ziwa Victoria

Mtu akitaka kujua habari za ziwa lo lote, heri aanze kwa kuuliza majina ya samaki wake. Kandokando ya Ziwa Victoria samaki mmoja aweza kuwa na majina manne au matano, kwa kuwa Waluo, Waganda, Wasukuma, Wahaya, Wakerewe na wengine wamevua humo tangu zamani, kila watu kwa lugha yao. Wale samaki wadogo wenye miiba mingi, ambao aina zao ni mamia, Waluo huwaita fulu, Waganda huwaita nkejje, na katika Kiswahili cha Mwanza ni furu. Dagaa wa ziwa hili ni omena kwa Waluo na mukene kwa Waganda. Hao si dagaa wale wa Ziwa Tanganyika, wala si wale wa baharini, ingawa jina ni moja, maana wasemao Kiswahili wamelitumia neno hilo kwa samaki mdogo avuliwaye kwa wingi na kuanikwa, awe wa ukoo gani. Kamongo, samaki apumuaye hewa, kwa Kiganda ni mamba. Mwalimu atokaye pwani asidhani kwamba ukoo mkubwa wa Mamba katika Buganda umejitwalia jina la yule mnyama mkali wa mitoni. Umejitwalia jina la samaki, na watu wa ukoo huo hawamli.

Majina hayo ni ya kale. Lakini samaki aliye mkubwa kupita wote ziwani leo hana jina la kale la ziwa hili. Upande wa Kenya huitwa mbuta, na upande wa Uganda mputa, nalo ni jina lake la Ziwa Albert, alikotoka. Upande wa Tanzania huitwa sangara, na neno hilo lafanana mno na sangala, jina ambalo wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwaita ndugu zake wa huko. Basi jina lenyewe lamtangaza kuwa mgeni.

Tunapenda kueleza hapa jinsi mgeni huyu alivyoingia, na mambo yaliyomtangulia. Elimu ya kuhesabu samaki na kuwatunza ilifika ziwani miaka 25 na zaidi kabla ya sangara. Ikaandikwa kitabuni, na sehemu yake ikafanywa sheria. Kisha ikaachwa kidogo kidogo. Jinsi ilivyoachwa yafaa kujulikana na kila mtu afundishaye watoto wa wavuvi, maana mambo hayo hayakuisha. Wavuvi wangali wakiishi ndani yake.

Kwanza tutazame uvuvi wa zamani. Kabla ya reli, watu wa ziwa walivua kwa migono iliyosukwa kwa fito, kwa uzio wa kuzuia samaki vinywani mwa mito, kwa mishipi na ndoana, kwa mikuki, na kwa makokoro yaliyofumwa kwa mafunjo na kukokotwa hadi ufukoni. Mvua ilipokunya na mito kufurika, samaki aitwaye ningu alipanda mitoni kwenda kutaga, na vijiji vikamngojea kama watu wangojeavyo mavuno. Samaki aliyependwa kuliko wote alikuwa ngege. Nyama yake ni tamu, na huanikwa juani akakauka bila kuni. Ngege hula vimelea vidogo vya majani vieleavyo majini, na jike huyaweka mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto wakiogopa hukimbilia kinywani tena. Kwa hiyo hana mayai mengi. Hana mamilioni kama samaki wengine, bali watoto wake wachache huwalinda vema. Mambo haya mawili, uchache wa mayai na ulinzi wa mama, yatupasa kuyakumbuka, kwa kuwa sheria yote iliyofuata ilijengwa juu yake.

Hatusemi kwamba wazee wote walikuwa na shauri la kuhifadhi samaki. Yawezekana wengine walikuwa nalo, na wengine hawakuwa nalo. Lakini vyombo vyao vilikuwa na mpaka wake. Mgono hauendi mbali na ufuko. Kokoro la mafunjo huoza upesi na kufumwa kwake ni kazi ya watu wengi. Na samaki mbichi hakuweza kuuzwa mbali. Ziwa lenye eneo la kilometa za mraba karibu 69,000 lilikuwa na maji mengi ambayo mkono wa mtu haukuyafikia.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mwaka 1905 nyavu za kutega za uzi wa kitani zililetwa katika ghuba ya huko. Wavu wa namna hii hutandazwa majini jioni, na samaki apitaye usiku hunaswa matamvua. Asubuhi wavuvi huuinua. Mtu mmoja mwenye mtumbwi na nyavu kadha wa kadha aliweza kupata kwa usiku mmoja samaki ambao zamani kijiji kizima kilipata kwa siku nyingi, na reli ilikuwa tayari kuwachukua mpaka mijini. Mwanzoni faida ilikuwa kubwa mno. Baadaye, katika ghuba ya Kisumu, kila wavu ulianza kutoa ngege wachache zaidi mwaka hata mwaka. Wavuvi walifanya kama wavuvi wa dunia nzima wafanyavyo: waliongeza nyavu, wakaenda mbali zaidi, wakatafuta nyavu zenye matundu madogo zaidi.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyosababisha safari ya Michael Graham. Alikuwa mtaalamu wa samaki kutoka Lowestoft katika Uingereza, mahali palipokuwa na chuo cha kuchunguza samaki wa Bahari ya Kaskazini. Alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na E. B. Worthington, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1929. Wataalamu wa Bahari ya Kaskazini walikuwa wameona jambo la ajabu: wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918 meli nyingi hazikuweza kuvua, na vita ilipokwisha samaki walionekana kuwa wengi na wakubwa kuliko walivyokuwa kabla. Ndipo ilipothibitika kwamba mkono wa mvuvi waweza kuipunguza hata bahari, na kwamba bahari ikipumzishwa hujazwa tena.

Hapa yatupasa kueleza jinsi samaki wahesabiwavyo, maana msomaji atauliza, Ni nani awezaye kuhesabu samaki walio majini? Hakuna awezaye. Lakini yawezekana kuhesabu samaki walionaswa katika wavu mmoja kwa usiku mmoja. Mkulima apandaye debe moja la mbegu kila mwaka katika shamba lilelile, akiona mavuno yapungua, ajua kwamba udongo unachoka. Kadhalika, wavu wa urefu uleule na tundu lilelile, ukitegwa mahali palepale, ndio kipimo cha ziwa. Jumla ya samaki sokoni haitoshi, tena hudanganya. Yaweza kuongezeka kwa kuwa nyavu zimeongezeka, hali kila wavu wapata kidogo. Mtu aangaliaye soko peke yake ataona utajiri mpaka siku ya mwisho. Hesabu ya pili ni ya ukubwa. Samaki wakipimwa urefu na kuchunguzwa matumbo, hujulikana ni urefu gani jike aanzapo kutaga. Akivuliwa kabla ya urefu huo, amekufa bila kuacha mtoto.

Kwa hesabu hizo Graham alitoa mashauri ambayo hata leo yatushangaza kwa jinsi yalivyoona mbali. La kwanza, nyavu za ngege zisiwe na matundu ya chini ya inchi 5, ili ngege apate kutaga kabla hajanaswa. La pili, ziwa zima liwe chini ya usimamizi mmoja, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa Kenya, wala wa Uganda, wala wa Tanganyika. La tatu lilikuwa onyo: samaki mkubwa mla wenzake asiletwe kutoka maji mengine pasipo uchunguzi mrefu wa mambo yatakayofuata, maana hatari yake ni kubwa. Shauri la kwanza lilifanywa sheria katika miaka ya 1930. La pili lilingoja mpaka mwaka 1947. La tatu halikuwekewa ulinzi wo wote.

Sasa yatubidi kuliacha ziwa kidogo tupande milimani, kwa kuwa sangara hakuletwa kwa ajili ya chakula tu. Aliletwa pia kwa ajili ya mchezo, na mchezo huo ulikuwa umezoeza watu kuhamisha samaki kana kwamba ni miche ya bustani. Waingereza kwa karne nyingi wamependa kuvua kwa mshipi kwa kujifurahisha. Mvuvi wa namna hiyo hasukumwi na njaa. Hushika ufito mwembamba, na ndoana yake hufungwa manyoya ifanane na mdudu. Furaha yake ni kushindana na samaki mwenye nguvu na werevu. Mchezo huu una adabu yake: leseni, kipimo cha samaki afaaye kuchukuliwa, idadi kwa siku, na miezi ya kuupumzisha mto. Hatuudharau, maana watu wapendao mchezo huo wamekuwa mara nyingi wa kwanza kuulilia mto unapochafuliwa.

Walowezi walipofika nyanda za juu za Kenya, waliona vijito vya maji baridi vinavyofanana na vya kwao, wakamkosa samaki wao wa mchezo, trauti. Mwaka 1905, mwaka uleule wa nyavu za Kisumu, Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven katika Scotland, na watoto wake wakatiwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Waliota kama mbegu katika udongo mzuri, na baadaye mito ya Mlima Kenya nayo ikatiwa. Mwaka 1948 kituo cha kuangulia trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Katika Ziwa Naivasha, ambalo lilikuwa na aina moja tu ya samaki, tena mdogo sana, waliletwa perege mwaka 1925, na mwaka 1929 akaletwa besi, samaki wa Marekani mwenye kinywa kikubwa, ili watu wapate mchezo. Besi alistawi. Yule samaki mdogo mwenyeji hatimaye akatoweka, na watu wachache tu waliangalia kwamba ametoweka, maana hakuwa chakula cha mtu wala hakuwa mchezo wa mtu.

Basi kazi ya kuhamisha samaki ikapata sifa njema. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo haikupimwa vya kutosha. Vijito vya milimani, huko juu penye baridi, vilikuwa na samaki haba, wala hapakuwa na vijiji vilivyoishi kwa uvuvi wake. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, ambazo nyingi hazipatikani po pote penginepo ulimwenguni, na watu wengi mno walikula humo kila siku.

Turudi ziwani. Mwaka 1947 idara moja ya uvuvi kwa ziwa lote ilianzishwa, na mwaka huohuo chuo cha uchunguzi wa samaki wa Afrika ya Mashariki kikaanzishwa Jinja. Kwa muda mfupi shauri la pili la Graham lilikuwa limetimia: nchi tatu, sheria moja, hesabu moja. Lakini katika miaka ya 1950 mambo matatu yalikuja pamoja. Nyavu za nailoni zilifika, nazo hazionekani upesi na samaki wala haziozi kama kitani, na kila wavu ukawa na nguvu ya nyavu kadha za zamani. Pili, sheria ya inchi 5 ilionekana kuwa ngumu kuilinda. Ikafutwa Uganda na Tanganyika mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961. Tatu, idara ile moja ikavunjwa mwaka 1960, na kila nchi ikashika pwani yake. Ngege waliokuwa wamepunguzwa hawakupata nafasi ya kupumzika. Katika miaka hiyohiyo waliletwa perege wa aina nyingine kutoka maziwa mengine ili kujaza pengo, na mmoja wao ndiye yule ambaye leo twamwita sato. Sato alikua upesi, akashindana na ngege kwa chakula na kwa mahali pa kutagia.

Hapo ndipo shauri la sangara lilipopamba moto. Sangara huweza kufika urefu wa karibu mita 2 na uzito wa karibu kilo 200. Chini ya maporomoko ya Murchison katika Uganda alikuwa ameishi tangu zamani, na wavuvi wa mchezo walisafiri mbali kwenda kushindana naye. Lakini maporomoko yale yalimzuia asipande kwenye maji ya juu. Katika Uganda idara iliyosimamia samaki ilikuwa ndiyo hiyohiyo iliyosimamia wanyama wa porini, kwa hiyo mawazo ya mchezo na mawazo ya chakula yalikaa katika nyumba moja. Waliotaka aletwe walisema hivi: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba ambao hawana bei, sangara atawala furu, na kuwageuza kuwa nyama nyingi yenye thamani, tena ziwa litapata samaki wa mchezo atakayevuta wageni. Neno hili halikuwa la kipumbavu, na waliolisema walitaka kuwasaidia watu.

Waliolikataa walikuwa hasa wataalamu wa uchunguzi, na mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika waziwazi mwaka 1960. Hoja yao ilikuwa ya hesabu. Samaki alaye majani ya majini hupata chakula chake kwa mkono wa kwanza. Samaki alaye samaki hupata kwa mkono wa pili au wa tatu, na kila mkono chakula kipitapo sehemu kubwa hupotea, kama maji yanayobebwa katika mtungi unaovuja. Kwa hiyo ratili moja ya sangara imegharimu ratili nyingi za furu. Tena walisema, samaki mla wenzake hatachagua furu peke yake. Atakula na ngege. Na mwisho walisema neno zito kuliko yote: mti uliopandwa vibaya waweza kung'olewa, lakini samaki aliyetiwa katika ziwa kubwa hawezi kuitwa arudi.

Mabishano yalipokuwa yakiendelea, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kutendeka. Habari zilizoandikwa baadaye zaeleza kwamba sangara walitiwa ziwani kwa siri, upande wa Uganda, tangu mwaka 1954. Mwaka 1960 sangara alivuliwa karibu na Jinja, na watu wakajua. Mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa kwa idhini ya serikali, Entebbe na Kisumu, kwa kuwa ilionekana haina maana tena kukataza kilichokwisha kuingia. Hivyo onyo la mwaka 1929 halikushindwa kwa hoja. Lilipitwa usiku.

Kwa miaka karibu 20 ziwa lilinyamaza. Sangara walionekana mmoja mmoja, na wengi walidhani kwamba ubishi ule ulikuwa bure. Uchunguzi uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa kwa nyavu za kukokotwa chini. Kisha, karibu na mwaka 1980, katika ghuba ya Kenya, na baada ya miaka michache katika ghuba ya Mwanza, sangara wakafurika. Wachunguzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwaka 1977 waliona kwa macho yao furu wakitoweka katika nyavu zao mwaka baada ya mwaka, mpaka mwisho wa miaka ya 1980 furu wakawa chini ya asilimia moja. Yakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea, nyingine kabla hazijapewa jina la kitaalamu. Watoto wa pwani hawakosi kuuliza wazee maana ya majina ambayo hayana tena samaki wa kuyabeba.

Lakini mwandishi wa historia hana haki ya kusimulia upande mmoja. Samaki wote waliovuliwa ziwani katika miaka ya 1970 walikuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka. Karibu na mwaka 1990 walifika tani 500,000. Viwanda vilijengwa Kisumu, Mwanza na Jinja, na minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya. Wavuvi wengi walijenga nyumba za bati na kulipa ada za shule kwa fedha za sangara. Ni vigumu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba samaki huyu alikuwa msiba tu.

Walakini gharama ilikuwapo, na lugha imeitunza. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama ngege; hukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na kuni zilizotumika zilitoka katika miti ya pwani na visiwa. Kiwanda hununua samaki mzima mzima, na mwanamke aliyezoea kununua ngege ufukoni akajikuta hana fedha za kushindana nacho. Alilobakiziwa ni mifupa na kichwa baada ya minofu kuondolewa. Kisumu mifupa hiyo iliitwa mgongo wazi. Mwanza iliitwa mapanki. Neno jingine ni bondo, yaani kile kibofu cha hewa cha sangara, ambacho wafanyi biashara hukinunua ili kipelekwe China. Maneno haya hayakuwamo katika kamusi za zamani. Yamezaliwa na samaki aliyeletwa, na yasema ni nani aliyekula mnofu na ni nani aliyekula mifupa.

Tena tusimtwike sangara mizigo isiyo yake. Ngege na ningu walikwisha kupungukiwa kwa nyavu kabla sangara hajafurika. Mito imeleta mbolea na udongo kutoka mashambani, na miji imemwaga uchafu. Maji yamekuwa ya kijani, na chini kabisa hewa imepungua hata samaki hawawezi kukaa. Sangara aliingia katika nyumba ambayo milango yake ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mkataba wa kuunda shirika moja la uvuvi wa ziwa, na makao yake yakawekwa Jinja. Ni shauri lile la pili la Graham, lililorudi baada ya miaka 65. Nchi tatu zilikubaliana kwamba sangara afaaye kuvuliwa ni wa urefu wa sentimeta 50 mpaka 85. Yule mdogo huachwa akue. Yule mkubwa alitakiwa kuachwa kwa kuwa jike mkubwa hutaga mayai mamilioni, naye ndiye hazina ya miaka ijayo. Makokoro yakokotwayo ufukoni yamekatazwa, maana huzoa vifaranga pamoja na wakubwa. Msomaji ataona jinsi mambo yalivyogeuka: sheria ya kwanza iliwekwa ili kumlinda ngege, na sheria ya leo yamlinda aliyemla. Hata hivyo hesabu ni ileile. Ni lazima mama atage kabla hajafa.

Katika miaka ya karibuni dagaa wamekuwa fungu kubwa kuliko wote kwa uzito, na mahali ambapo sangara wamepungua, aina kadha za furu zimeonekana tena. Ngege hawajaisha duniani. Wamo katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli katika mabwawa ya mto Yala, ambako mafunjo na matope yamemzuia sangara asiingie. Nyumba ya ngege sasa ni mahali ambapo wakubwa wa zamani wasingalipahesabu kuwa pa maana.

Kwetu sisi, jambo kubwa katika habari hizi ni kwamba elimu ilikuwapo. Walioiandika walikuwa na hesabu, na hesabu yao ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni watu wa ufukoni kuifahamu hesabu ile kuwa yao. Sheria ya inchi 5 waliijua kama neno la bwana samaki ajaye na mashua kuchoma nyavu. Hawakuonyeshwa tumbo la ngege lenye mayai na kuambiwa, Tazameni, huyu hajataga bado. Sheria isiyofahamika hulindwa na askari, na askari akiondoka nayo huondoka. Mvuvi anayepima mwenyewe, wavu wake kwa usiku wake, na kuandika, hana haja ya kuambiwa na mtu wa Lowestoft kwamba ziwa linachoka.

Kwa hiyo twaona kuna kazi mbili ambazo walimu wa pwani za ziwa waweza kuzifanya bila fedha nyingi. Ya kwanza ni kufundisha hesabu kwa samaki: watoto wapime sangara na sato waletwao ufukoni, waandike urefu na siku, na baada ya mwaka walinganishe. Ya pili ni kuandika majina. Wako wazee wachache wawezao kutofautisha furu wa mawe na furu wa mchanga, kila mmoja kwa jina lake, na kusema alivuliwa kwa chombo gani na aliliwa na nani. Majina hayo yaandikwe pamoja na lugha yake, mahali pake, na habari za samaki mwenyewe kama azijuavyo mzee, hata kama samaki huyo haonekani tena. Wachunguzi wa samaki watayahitaji, maana aina moja ikionekana tena, atakayeweza kusema kwamba ilikuwapo zamani ni yule aliyeandikiwa jina lake.